Aliyekuwepo Kila Mahali

Mimi kazi yangu ni kushona viti vya pikipiki. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vipuri, mkabala na kijiwe cha bodaboda, na kwa kuwa kushona kunataka mikono na macho tu, masikio yangu yamekuwa mali ya kijiwe kwa miaka mingi. Nimesikia uongo kuliko hakimu yeyote. Mtu akianza na "jana bwana, nilikuwa nashuka pale," najua chuku inakuja, na huwa nakanyaga pedali polepole ili nisipitwe.

Yuko aliyeapa kwamba alikimbia hadi filimbi ya trafiki ikamfikia kesho yake, yuko nyumbani anapiga mswaki. Mwingine alilala kwenye kona mpaka sikio likachubuliwa na lami, akatuonyesha sikio, tukaona chunusi. Mwingine alimbeba abiria mwenye domo. Walifika, abiria akashuka, akalipa, akaondoka, ndipo maneno yake yakaanza kuwasili. Pikipiki zenyewe ukizitazama, nyingi zinakohoa kuliko zinavyokimbia, na viti vyake nimevishona mimi, kwa hiyo najua vimelika sehemu gani. Lakini nani atamkataza mtu kujisifu? Siku nzima anaambiwa na abiria "wewe boda, simama hapa, wewe boda, toa mkono wako." Jioni naye anataka kuwa mtu.

Kijiwe kile kilikuwa na sheria yake. Anayejisifu bila shahidi anawanunulia wenzake chai. Mwenye shahidi ananunuliwa yeye, na shahidi wake ananunuliwa pia. Shahidi akishasema, basi. Haulizwi mara mbili, na ushahidi haurudishwi. Ilikuwa sheria ya kitoto kabisa, ila iliokoa ngumi nyingi, maana wanaume wazima hawagombani kama wanavyogombana juu ya jambo ambalo halikutokea.

Mtu ninayetaka kumweleza hapa ndiye aliyekuwa shahidi mkuu wa kijiwe. Jina lake la nyumbani walilisahau. Walimwita Nilikuwepo.

Alikuwa mtu mzima kuliko wote pale, mwembamba, mpole, mwenye masharubu yaliyochanwa. Zamani alikuwa tarishi wa kiwanda, anapeleka barua na vifurushi kwa pikipiki, hadi kiwanda kilipofunga lango na yeye akaambiwa aondoke na ile pikipiki yake chakavu badala ya kiinua mgongo. Hakujua mbio. Gia ya nne aliisalimia kwa mbali, kama jirani asiyezoeana naye. Wateja wake walikuwa wajawazito, watu waliotoka kung'olewa meno, na wenye trei za mayai. Kabla abiria hajapanda, alichomoa taulo chini ya kiti akakifuta, hata kama kilikuwa kikavu. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayeheshimu kiti kwangu ana nusu ya pepo.

Ushahidi aliuanza kwa huruma. Kulikuwa na kijana mmoja amenyang'anywa pikipiki na tajiri wake, akabaki anashinda kijiweni mikono mitupu, na siku moja kwa kujikaza akasema aliwahi kunyanyua tairi la mbele kutoka sokoni mpaka kituo cha mafuta bila kuligusisha chini. Wenzake walimcheka kicheko kibaya, kile cha kumcheka mtu aliyekwisha kuanguka. Mzee akashusha kikombe chake akasema, "Nilikuwepo." Wote wakamgeukia. Huyu hakuwahi kusema uongo hata wa bei ya nauli. Wakamnunulia yule kijana chai, na shahidi akapata yake, na nikaona alivyoinywa: taratibu, kidole kimoja kimenyooka, kama mtu aliyealikwa.

Utamu ukamwingia. Kisa hakikuwa chai peke yake, ingawa chai ilikuwepo. Mtu ambaye maisha yake yote alisubiri nje ya milango ya watu na bahasha mkononi, sasa kundi zima linageuka kumtazama, linangoja aseme. Na alikuwa na kipaji. Wengine wakisema uongo huuongeza ukubwa. Yeye aliongeza kitu kidogo. Mtu akisema alimpita trafiki kwa mbio, Nilikuwepo alisema, "Na kofia ya trafiki ilianguka, ikabingirika mpaka miguuni kwa muuza karanga." Muuza karanga ndiye aliyewafanya watu waamini. Hakuna aliyefikiri kumuuliza mzee huyu, na gia yake ya tatu, aliwezaje kuwepo kila mahali wenzake walipokuwa wanapaa.

Alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, mfuaji wa shuka za hospitali. Vidole vya dada huyo vilikuwa vimebabuka kwa dawa za kufulia, na alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye baba yake aliaga anakwenda kutafuta kazi na bado anaitafuta. Kijana alipofikia umri wa kujitegemea akataka bodaboda. Mama alikataa mwaka mzima. Alipokubali, alikuja naye kijiweni kwa miguu, akamshika mkono kaka yake mbele yetu sote na kusema, "Kaka, huyu nakukabidhi wewe. Mimi barabarani sina macho." Mzee akaitikia. Tangu siku hiyo kijiwe kizima kilimwita kijana Mpwa.

Mpwa alikuwa mpole kama mjomba wake, msikivu, mwepesi kucheka. Mjomba alimfundisha kila kitu: kufuta kiti, kukagua breki asubuhi, kusimama kabisa kwenye alama hata kama hakuna gari. Na kijana alimwamini. Sisemi alimpenda tu. Alimwamini, kwamba akisema breki ni nzuri, ni nzuri.

Sasa aliingia Radi. Radi alikuwa fahari ya kijiwe, mwenye jaketi la ngozi asilolivua hata jua la saa saba, baba wa watoto wadogo, mkarimu, mwongo wa daraja la kwanza. Ukweli ni kwamba alijua kuendesha. Lakini hakuna anayejua kuendesha kwa kiasi alichojua Radi kusimulia. Nje ya mji wetu kuna machimbo ya mawe, na kutoka machimboni barabara inateremka ghafla, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili, hadi kwenye daraja jembamba. Malori yenyewe huushuka mteremko ule yakilia. Siku moja Radi alikuja akasema ameushuka akiwa amesimama juu ya kiti, mikono ameitanua, hajagusa usukani, mshale wa spidi umepita mia na kumi, mpaka darajani.

Hata kwa kijiwe chetu hiyo ilikuwa nyingi. Wakaanza kumwambia chai ya leo ananunua yeye. Radi akamtazama Nilikuwepo. Nami nikainua mguu kwenye pedali, maana nilitaka kuona kama mzee atalimeza na hilo.

Akalimeza. "Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimempeleka mtu machimboni." Kisha akaanza kulipamba, kitu kidogo baada ya kitu kidogo. Radi aliachia mikono pale kwenye lile jiwe jeupe lililo kando. Mguu wa kulia ndio ulitangulia kupanda kitini, kisha wa kushoto. Kofia ngumu alikuwa ameivua, ameitundika kwenye kioo, kwa sababu upepo wa pale ukiikamata unakuvuta shingo. Radi mwenyewe alikuwa anaitikia kwa kichwa, anajifunza alivyofanya. Chai zikaja. Mpwa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, kikombe mkononi, hakucheka.

Siku chache baadaye mzee alikuwa anaosha pikipiki yake nyuma ya baraza langu, na Mpwa akamfuata. Walikuwa upande wa pili wa pazia la gunia, nikasikia yote. Kijana alimuuliza kwa heshima, sauti ya chini.

"Mjomba, hapa hakuna watu. Kweli ulimwona Radi?"

Maji yakaacha kumwagika. Mzee alinieleza baadaye kilichompitia kichwani. Alidhani vijana wamebishana, kwamba Mpwa ametumwa kumpima, na akisema hapana, kufika jioni kijiwe chote kitajua kwamba hata ushahidi wa juzi na wa mwaka jana ulikuwa upepo. Hakuwaza kabisa kwamba kijana anauliza kwa sababu anataka kufanya. Nani angetaka kufanya? Kwake yeye mambo yale yalikuwa ya kusimuliwa, na alidhani kila mtu anajua.

"Nilimwona," alisema. "Si nimesema?"

"Mguu wa kulia kwanza?"

"Wa kulia."

Ulimi hauna mfupa. Nikasikia maji yameanza tena kumwagika.

Asubuhi moja ya wiki ile ile, mapema, Mpwa alikwenda machimboni peke yake. Aliyeona ni mwanamke mmoja anayeponda kokoto kule juu. Alisema kijana alisimamisha pikipiki karibu na jiwe jeupe, akashuka, akalitazama, akaligusa, kama mtu anayehakikisha namba ya nyumba. Akavua kofia ngumu akaitundika kwenye kioo. Akarudi nyuma mbali, akaja kwa kasi. Alipolifikia jiwe aliachia mikono na kuupandisha mguu wa kulia kitini. Wa kushoto haukuwahi kufika. Usukani ulitikisika, pikipiki ikaenda korongoni na yeye akaenda ukutani, kichwa kikitangulia.

Nilikuwepo alifika wakati mwili bado uko pale, umefunikwa kanga ya yule mwanamke. Wenzake waliokwenda naye walisema alikuwa imara, akiuliza maswali ya maana, ameshikaje, ameangukaje. Mwanamke alipotaja mguu wa kulia, mzee alimwambia arudie. Alirudia. Mzee akakaa juu ya lundo la kokoto na ikabidi wamwinue watu wawili.

Msibani vijana wa kijiwe walimzunguka mama. Walimpenda Mpwa, na walimwonea mama yake uchungu wa kweli, lakini huruma yao nayo haikujua njia nyingine ila ile ile. Wakamwambia mwanao alikuwa simba. Alisimama juu ya kiti mpaka darajani, mikono ameitanua, na kama si mbwa aliyekatiza mbele yake pale darajani, angekuwa hai. Radi ndiye aliyesema hivyo, machozi yakimtoka, na nadhani wakati ule aliamini. Mama akamtazama kaka yake. Kaka akatazama chini. Kwa sheria ya kijiwe, hata kimya chake kilikuwa ushahidi.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine angekufa na siri yake, na mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini kijiwe kilikata shauri kumuenzi Mpwa. Jumapili wangekwenda wote machimboni na vitambaa vyeusi kwenye usukani, na Radi angeushuka mteremko amesimama, kama alivyoushuka ile siku, na baada yake wengine wawili wenye moyo. Wawili hao walijitaja wenyewe. Mmoja alikuwa ameoa mwezi ule. Radi alisema sawa. Nilimtazama aliposema sawa, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Kesho yake Nilikuwepo alisimama katikati ya kijiwe, hakukaa, akasema hakuona. Radi hakusimama juu ya kiti, wala hakuna mtu aliyewahi kusimama pale, na yeye siku ile hakuwa machimboni, alikuwa amempeleka bibi mmoja kliniki. Alisema wazi, kwa sauti ya kawaida, akayarudia yote.

Wakamletea kiti. Wakamwambia mzee, pumzika, msiba ni mzito. Mmoja akamshika bega akamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba ushahidi haurudishwi. Mwingine akasema ni kawaida, mfiwa hukataa hata jina lake. Yule aliyejitaja kushuka wa pili alisema yeye hana shaka, maana mzee asingelijua lile jiwe kama hakuwepo. Nilichoma kidole kwa sindano siku ile kwa hasira. Uongo wake wote waliumeza bila maji, na siku aliyosema kweli wakamwonea huruma.

Alimfuata Radi nyuma ya duka, penye lundo la matairi, akamwomba aseme yeye. Radi alikuwa anafunga na kufungua zipu ya jaketi lake.

"Nikisema sikufanya," alimwambia, "watauliza mpwa wako alikufa akifanya nini."

"Kwa hiyo utashuka?"

"Nitafanyaje, mzee? Nitashuka."

Hapo ndipo mzee alipokuja kwenye cherehani yangu na kuniomba nimsindikize kwa dada yake. Alisema akienda peke yake ataishia njiani. Nikazima redio, nikafunika cherehani, tukaenda.

Dada alikuwa amesharudi kazini, kwa sababu shuka za hospitali hazijui matanga. Tulimkuta kwenye uwanja wa kuanikia, nyuma ya jengo la kufulia, kati ya kamba na kamba, anabana shuka moja baada ya nyingine. Alituona, akaendelea. Mzee akamwambia pale pale amesimama kwamba mwanawe hakufika darajani. Dada akajibu kwamba wenzake wamesema alifika. Mzee akasema wamekuhurumia, hakuna mbwa, alianguka pale pale juu, mguu wa pili ukiwa hewani. Kisha akaeleza lililobaki: Radi, jiwe jeupe, mguu wa kulia, kofia, na namna kijana alivyokuja kumuuliza peke yake, na alivyomjibu. Alisema yote yale yametoka kinywani mwake, na hakuna hata moja aliloliona.

Dada alikuwa na kibanio mdomoni. Akakitoa.

"Ulikuwa unapata nini?"

Niliomba Mungu ampe jibu jingine lolote.

"Chai," alisema.

Sijawahi kusikia neno dogo lenye uzito vile, na sitaki kulisikia tena. Dada aliibana ile shuka. Akaichukua nyingine kwenye beseni, akaikamua ingawa ilikwisha kukamuliwa, akaibana nayo. Alilia bila kutoa sauti, na mikono haikusimama. Mzee akamwambia habari ya Jumapili, akasema mimi hawanisikii, wewe watakusikia. Sikumwelewa siku ile, nikaona anamwongezea mzigo mtu aliyelemewa. Leo naona hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Kwa ukweli ule ule alikuwa anamnyang'anya dada yake kitu cha mwisho alichopewa, mwana shujaa aliyefika darajani, na anamwomba akitoe kwa ajili ya watoto wa watu.

Dada alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya beseni.

Tulifika kijiweni vijana wakiwa wanafunga vitambaa vyeusi. Walipomwona mama wa marehemu, wote walisimama na kuvua kofia. Hakupaza sauti.

"Kaka yangu anasema hakuona. Ninyi mnasema msiba umemvuruga. Mimi namwamini. Mwanangu hakufika darajani, wanangu. Hakusimama hata kidogo, alianguka akiwa anapanda. Anayetaka kushuka Jumapili, anipeleke kwanza kwa mama yake nikamfundishe namna ya kulia."

Yule aliyeoa mwezi ule alianza kufungua kitambaa kwenye usukani, fundo likamshinda, akaliacha. Radi akakaa chini kwenye ukingo wa mtaro, palepale Mpwa alipopenda kukaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hakufanya, hajawahi. Basi Jumapili ikafa hapo. Radi bado yuko hai, na wale wawili wako hai, mmoja amepata mtoto, na kiti cha pikipiki yake nimekishona juzi.

Mzee naye kijiwe kilimpokea. Waliomboleza naye, wakampa abiria wa zamu zao, wala hawakumtupia neno. Ilikuwa rahisi kwao, kwa sababu nusu yao mpaka leo, hata baada ya Radi kukiri, wanaamini alisema vile ili kuwaokoa. Aliyemwamini kabisa, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ni dada yake.

Siku ile dada alipomaliza kusema pale kijiweni, vijana waligombania kumrudisha kazini. Akakataa pikipiki zote. Akaanza kwenda kwa miguu, na kaka yake akamfuata nyuma, anaisukuma pikipiki yake, injini ameizima, mimi nyuma yao. Tulikwenda hivyo mpaka njia panda ya hospitali. Hapo dada akageuka.

"Kaka," alimwambia, "nilikukabidhi. Ishia hapo."

Akaishia hapo. Magari yalimpigia honi, abiria mmoja akaja akamuuliza kama yuko kazini, naye hakusikia, mikono kwenye usukani, anatazama mgongo wa dada yake mpaka ulipoingia kwenye lango la wafuaji. Ni miaka sasa, na mtu akitaka kupelekwa hospitali, Nilikuwepo humshusha kwenye njia panda ile, akamwomba radhi, akamwambia sehemu iliyobaki ni ya miguu.